Mimba za wanafunzi huku kusini: binti anafundishwa kila siku, wengine tumekaa kimya

Kila shule zikifungwa mwezi wa sita na wa kumi na mbili, huku kwetu Lindi na Mtwara ngoma zinaanza na lawama nazo zinaanza. Anakuja mtu na gari ya mradi, mkutano unaitwa, anasema unyago ndo unaharibu watoto, wazee wananuna, makungwi wanaangalia chini, watu wanakunywa soda wanasaini posho wanaondoka. Mwaka unaofuata idadi ya wanafunzi waliopata mimba inasomwa tena kwenye kikao cha kata na kila mtu anashangaa upya.

Mi naona shida ya nyingi ya hizi programu ni kwamba zinaongea na mtu mmoja tu, binti. Asome, ajitambue, aseme hapana, akatae lifti. Mwanaume anayempa mimba hajawahi kuitwa semina hata siku moja, bibi anayemlea hajaulizwa kitu, nesi wa zahanati anamfokea, na kungwi ambaye ndo mwalimu wake wa kwanza wa haya mambo anatukanwa hadharani. Halafu tunategemea mtoto wa miaka 14 awazidi akili na nguvu wote hao.

Twende taratibu, tuanze na ukubwa wenyewe. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 mpaka 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba wakati wanahojiwa. Ule wa 2015/16 walikuwa 27, kwahiyo kuna kushuka na tusiseme hakuna kilichofanyika, ila ukirudi nyuma mpaka 2010 unakuta 23, yaani tulipanda, tukashuka, tukarudi karibu palepale. Na mikoa haifanani kabisa, Songwe walikuwa 45, majirani zetu Ruvuma 37. Kiafya sihitaji kuwaelezea sana maana kila mtu ana ndugu yaliyomkuta: nyonga za mtoto hazijapanuka vizuri, uchungu unakwama siku nzima, anatoka na fistula au anapoteza kichanga, kifafa cha mimba kinawapenda hao wadogo, damu inakuwa chini.

Sasa kuna jambo moja watu wa semina hawapendi kulisema. Mwaka 1998 kule Mwanza ulianza mradi mkubwa ulioitwa MEMA kwa Vijana. Walichukua jamii 20, nusu zikapata mradi na nusu zikabaki kwanza bila mradi ili waweze kulinganisha. Wakafundisha darasa la tano mpaka la saba kwa maigizo na hadithi, wakawafunda wahudumu wa zahanati namna ya kupokea vijana, kondomu zikasambazwa na vijana wenyewe, na kukawa na shughuli za kijamii kidogo kidogo. Haukuwa mradi wa kubahatisha, ulifanywa kwa umakini mkubwa. Baada ya miaka wakapima. Watoto walijua zaidi, hilo halina ubishi, mitazamo ilibadilika, na waliohojiwa wengine walisema hata tabia zao zimebadilika. Lakini walipopima damu na mkojo, VVU na mimba hazikuwa na tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Wakarudi tena 2007/08, wale watoto wameshakuwa watu wazima, majibu yaleyale.

Ukiisoma hiyo haraka unaweza kusema basi tuache kufundisha. Hapana. Kinachosemwa pale ni kwamba kujua ni kitu kimoja na kuwa na uwezo wa kufanya unachokijua ni kitu kingine. Binti anaweza akafaulu mtihani wote wa ukimwi na bado akarudi nyumbani hakuna hela ya daftari na njiani kuna mtu mwenye pikipiki anamwita "mchumba".

Na aina ya elimu nayo ina maana. Mwaka 2004 kule Kenya magharibi, upande wa Busia, kulifanyika kitu kidogo sana. Mtu alienda darasa la nane mara moja tu, kama dakika 40, akawaonyesha wasichana filamu fupi halafu akawaandikia ubaoni takwimu za VVU kwa umri: wanaume wa umri wako wenye maambukizi ni wachache, wa miaka ishirini na kitu wanaongezeka, wa thelathini ndo balaa. Hakuwaambia waache wala waendelee, aliwaambia hatari iko wapi. Ndani ya mwaka mmoja mimba kwenye zile shule zilipungua kwa asilimia 28, na zilizopungua ni zile za watu wazima wenye hela. Shule nyingine walimu walifundwa mtaala wa kawaida wa "subirini mpaka ndoa", mimba hazikupungua. Na shule ambazo watoto walipewa sare bure, utoro ukapungua na mimba zikapungua, sare tu ya kushona! Mi hiyo ya sare huwa naifikiria sana kila nikiona mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya sketi.

Kuna nyingine ya Uganda. Shirika la BRAC walianzisha klabu za wasichana kijijini, nje ya shule, hata aliyeacha shule anaingia, wanacheza, wanaongea mambo ya mwili na wanajifunza kazi kama kushona, kusuka, kufuga. Baada ya miaka minne mimba za wasichana kwenye vijiji vile zilikuwa zimepungua kama theluthi moja. Haohao wakaja Tanzania na mradi huohuo, matokeo ya namna ile hayakuonekana. Rasilimali zilikuwa chache, utekelezaji ukawa dhaifu, hata sehemu ya kudumu ya wasichana kukutania ilikuwa shida. Kwahiyo mtu akija kijijini kwenu akasema programu hii imefanya vizuri nchi fulani, muulizeni chumba kiko wapi na nani ana ufunguo. Sitanii.

Haya, turudi kusini, na nianze na unyago maana ndo unaosingiziwa zaidi na ndo usioeleweka zaidi.

Mtu wa nje anadhani unyago ni semina ya ngono. Aliyepita anajua kuna mengi mle: namna ya kujisitiri ukiwa mwezini, usafi, kusalimia wakubwa, kutoingia chumba cha wazazi hovyo, kuvumilia, kutunza siri, kuishi na watu. Na ndiyo, kuna mafunzo ya mambo ya chumbani, hayo hayafichiki. Zamani mwali alichezwa, yaani alipitishwa unyagoni, akishavunja ungo, na ndoa haikuwa mbali, kwahiyo fundisho na maisha vilikuwa vinakutana mlangoni. Siku hizi utakuta mtoto wa darasa la pili, la tatu, ameshachezwa. Kwa nini? Sababu ni za kawaida kabisa, si za ajabu. Ngoma ni gharama, kuna mchele, kuku, kanga, wapiga ngoma, wageni kutoka Newala mpaka Dar, kwahiyo mzazi mwenye mabinti watatu anawacheza kwa mkupuo mmoja akiwa na hela ya korosho. Ratiba ya shule nayo inabana, likizo ndo hiyohiyo. Na wengine wanaogopa akikua sana atagoma, au atapata mimba kabla ya kuchezwa ambayo ni aibu juu ya aibu.

Matokeo yake mtoto wa miaka tisa anaambiwa mbele ya watu wote, kwa vigelegele, sasa umekuwa mtu mzima. Mi sidhani nyimbo ndo tatizo kubwa, nyimbo nyingine hata hazielewi. Tatizo ni ule ujumbe, kwa sababu hausikii peke yake, mtaa mzima umesikia, na kuna wanaume wanaosikia "ameshachezwa" wakaelewa wanavyotaka wao.

Programu zinazokwenda vizuri na hili ni zile zinazokaa na makungwi kwanza, kimya kimya, bila kipaza sauti. Zinaongea mambo matatu manne tu. Mafunzo yagawanywe, mdogo apewe ya usafi, hedhi na heshima, yale ya unyumba yasubiri mpaka mtu anakaribia kuolewa kweli. Ngoma iingie ndani ya likizo na iishe ndani ya likizo, isile wiki mbili za muhula. Umri usogezwe juu. Na somo jipya liingizwe: mwanaume mzima akikushika, nani unamwambia, na hiyo si siri ya kutunza. Hili la mwisho lina uzito kwa sababu unyago unafundisha kutunza siri vizuri mno, na mtoto anaweza kabisa akaiweka siri ya aliyembaka kwenye kapu hilohilo.

Halafu kuna kitu programu za mjini hazikioni. Zinakuja na bango "Mzazi ongea na mwanao". Huku kwetu mama na binti wanaoneana haya kwenye mambo haya, hiyo ni adabu, si ushamba. Aliyepewa kazi hiyo na mila ni bibi, shangazi, somo, kungwi. Ukimlazimisha mama aongee ataongea maneno mawili, "jitunze mwanangu", basi, yameisha. Lakini bibi! Bibi anaweza kumwambia mjukuu chochote, tena kwa matani, na mjukuu akacheka na akasikia. Na ukizingatia watoto wengi wanalelewa na bibi wakati wazazi wapo mashambani au wameenda mjini kutafuta, mi ningekuwa na hela ya semina moja tu ningewaita mabibi.

Na msisahau kungwi naye ana riziki yake pale. Anapata kanga, anapata hela, anapata heshima. Ukimwambia aache umemwambia afe njaa, atakuitikia ndiyo na kesho ataenda kuchezea porini zaidi ambako hata mwenyekiti hafiki.

Wanaosema mila haibadilishwi wakumbushwe ya Masasi. Askofu Vincent Lucas wa Anglikana, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, 1926 mpaka 1944, alikuta jando limeshika na hakulipiga marufuku. Alikaa na wazee, vingine vikatolewa, vingine vikabaki, sala zikaingia, vijana wa Kikristo wakawa wanapita jandoni bila kutengwa na kabila wala kanisa. Unaweza kubishana na alichofanya, wengine walibishana naye wakati uleule, lakini jando lilibadilika na watu hawakufa. Na hata juzi juzi tu, wavulana wangapi sasa wanatahiriwa na daktari kwa ganzi halafu ngoma inapigwa vilevile na mwali anatoka na nguo mpya? Hakuna aliyelia mila imekufa. Kama wembe wa ngariba umewezekana kubadilishwa, umri wa mwali unashindikana vipi.

Upande wa dini ningeweza kuandika sana ila niseme kifupi: huku waumini wa Kiislamu ni wengi, madrasa iko karibu kuliko shule, na sheikh akisema kwenye hotuba ya Ijumaa kwamba kumalizana nyumbani kesi ya mtoto ni dhulma, maneno yake yanafika ambako bango la mradi halifiki.

Twende kwa wanaume na hela, maana huku vitu hivi viwili vina msimu. Mwezi wa kumi minada ya korosho inaanza kwenye vyama vikuu vya ushirika, TANECU, MAMCU, RUNALI, malipo yanaingia kwenye akaunti, na kuanzia hapo mpaka Desemba kusini inakuwa sehemu nyingine. Bodaboda mpya zinamwagika, wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo, wanazunguka vijijini usiku, wabeba magunia, madereva wa malori, wenye maghala, vijana wana hela mfukoni ambayo hawajawahi kuishika tangu mwaka jana. Watu wanataniana kwamba msimu wa korosho ndoa zinavunjika, tunacheka, lakini kwenye hizo ndoa kuna watoto wanaobaki bila mwangalizi. Halafu hela inaisha, Januari mpaka Machi ni njaa, chakula hakijakomaa shambani, na hapo binti anaingia hatari ya namna nyingine kabisa, ya sabuni, ya taulo za kike, ya sahani ya chipsi. Misimu miwili, hatari mbili, na ratiba za miradi hazijui chochote kuhusu hilo, zinakuja mwezi wa nane kwa sababu ndo bajeti imetoka.

Kwahiyo kazi na wanaume ifanyikie walipo. Kijiwe cha bodaboda kina mwenyekiti, kina katibu, kina faini, ni serikali kamili ile. Kijiwe kikikubaliana kwamba mwanafunzi hapakiwi kwa mkopo wala kwa "utalipa ukikua", na anayevunja anakaa pembeni wiki nzima bila abiria, hiyo inazidi semina kumi. Na tuwaambie ukweli kwa namna ya Busia, tuwaambie hatari na kifungo bila kuwahubiria. Wavulana wa shule nao wapo, tunawasahau mpaka siku wanapoitwa watuhumiwa. Kijana wa kidato cha tatu anajifunza uanaume jandoni na kijiweni, kote huko hakuna aliyemwambia hapana ya msichana ni hapana.

Kuhusu hela za kaya kuna la kujifunza Zomba, Malawi, ambako Wayao wapo kama walivyo kwetu Masasi. Kwenye 2008 na 2009 familia za wasichana zilipewa hela kila mwezi, kundi moja kwa sharti binti ahudhurie shule, kundi lingine bila sharti lolote. Kwenye mahudhurio lenye sharti lilifanya vizuri zaidi. Lakini mimba na ndoa zilikuwa chini zaidi kwa waliopewa bila sharti, na tofauti yote ilitoka kwa wasichana walioacha shule, kwa sababu wenye sharti wakiacha shule walikatiwa na hela, yaani wanakatiwa wakati ndo wanaihitaji zaidi. Mi hapa huwa nawakumbusha watu: programu zetu nyingi ziko shuleni, na aliye hatarini zaidi hayupo shuleni.

Umbali sitaupamba. Shule za kata zimejengwa, ada iliondolewa mpaka kidato cha nne tangu 2016, lakini mtoto bado anatembea saa moja na nusu kwenye mikorosho, au anapangishiwa geto karibu na shule, chumba kimoja, mlango wa bati, miaka 15, anajipikia mwenyewe. Kule juu Newala na Tandahimba ongeza na maji, maana uwanda wa Makonde ni mkavu na anayetumwa na ndoo jioni ni yeye. Bweni linazuia mimba kuliko wimbo wowote wa klabu. Pale ambapo bweni halijafika, kijiji kinaweza kuwapanga mabinti wa mageto waishi kwa mama mmoja anayejulikana, wazazi wakachanga unga, mbona kwenye misiba tunachanga.

Sasa zahanati. Hapa naomba tuongee kama watu wazima.

Mwongozo wa uzazi wa mpango wa nchi hii unasema huduma ni kwa yeyote mwenye umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, awe ameolewa au hajaolewa, awe amezaa au hajazaa. Kwenye karatasi kuna "huduma rafiki kwa vijana". Kwenye benchi la zahanati ni hivi: binti anafika, amekaa na jirani wa mama yake upande huu na shemeji upande huu, nesi anauliza kwa sauti "we mtoto unataka nini huku, umeolewa?" Imeisha hiyo, hatarudi, na amewaambia wenzake wasiende. Mahali ambapo huduma imekuwa rafiki kweli hakuna maajabu yaliyofanyika, wametenga mchana baada ya saa nane wakati wamama wameondoka, wameweka mlango wa pembeni, na nesi ni mmoja anayejulikana hana mdomo. Basi.

Kwa sababu asipopata jibu pale anapata jibu kijiweni, na kijiwe kinafundisha vitu vya hatari. Kinamwambia ahesabu siku za hatari, wakati yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya iliyopita, na msichana aliyevunja ungo juzi mzunguko wake haujatulia, mwezi huu siku 24 mwezi ujao 40, hesabu gani hiyo, na mbegu za mwanaume zinaweza kukaa ndani mpaka siku tano zikisubiri. Kinamwambia P2 ni ya kutoa mimba, si kweli, ile inazuia mimba isitunge na inatakiwa inywewe mapema, ndani ya siku tatu, mimba ikishaingia haifanyi kitu. Kinamwambia kijiti cha uzazi wa mpango kitamfanya tasa, si kweli, kikitolewa uzazi unarudi. Na hakuna anayemwambia kwamba kijiti, sindano na vidonge havizuii VVU wala kisonono, hiyo ni kazi ya kondomu peke yake. Tangu sheria ibadilishwe 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila ruhusa ya mzazi, wangapi wanajua?

Najua kuna watakaosema ukimpa mtoto elimu hii umemruhusu. Hofu hiyo naielewa, mi pia ni mzazi. Ila tuwe wakweli, ameshaimbiwa unyagoni akiwa na miaka tisa, simu ya kaka yake ina video ambazo wewe hujawahi kuziona, kinachokosekana ni mtu mzima mmoja wa kumwambia ukweli bila kelele. Kungoja bado ndo njia salama zaidi kwa mtoto wa shule na iambiwe hivyo wazi. Ikiambiwa peke yake ndo inakuwa kama zile shule za "subirini mpaka ndoa" kule Busia.

Sheria je? Kwa karatasi ni kali. Kufanya mapenzi na msichana chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama amekubali, na kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 kwa mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016. Pembeni yake kuna Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikasema 2016 vifungu hivyo vinapingana na Katiba na virekebishwe ndani ya mwaka, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa Oktoba 2019, na bado miaka ikaendelea kupita bila sheria yenyewe kubadilishwa. Kwahiyo kijijini mtu anapata uchochoro, mimba ikionekana posa inaletwa haraka.

Na ule ukali wa miaka 30 una upande wake wa pili. Aliyempa mimba mara nyingi ni mtu wa hapahapa, mtoto wa balozi, mpwa wa mwenyekiti, mwendesha boda anayelisha watoto watatu. Familia mbili zinakaa, mjomba upande wa mama anaitwa kwa sababu kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua mjomba ana sauti, inatajwa mbuzi, inatajwa hela, gunia mbili za korosho msimu ukifika, binti anaambiwa akiulizwa aseme hamjui. Kesi inafika polisi shahidi mkuu amegeuka. Ndo maana kamati za kijiji za kuzuia ukatili, zile zilizoletwa na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, mwaka 2017, zina faida zikiwa na watu wasio wa ukoo mmoja na zikijua la kufanya siku ya kwanza: mtoto aende hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia VVU, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, dawati la jinsia la polisi lijue kabla mjomba hajafika na mbuzi. Namba ya simu ya watoto ni 116, haikati salio. Nyingi ya hizo kamati zipo kwenye faili tu, tuseme ukweli.

La mwisho ni aliyekwisha kuzaa, maana hizi programu zinamwona kama mfano mbaya wa kuonyeshea wengine. Mpaka 2021 akipata mimba alifukuzwa na hakurudi shule ya serikali, na mwaka 2017 hilo lilisemwa hadharani na Rais wa wakati huo mwenyewe, Magufuli. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ndalichako, akatangaza wanarudi, mwongozo ukatoka Februari 2022, ana miaka miwili ya kurudi kwenye mfumo rasmi. Asiyetaka shule ileile waliyomcheka anaweza kupita njia mbadala ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kufika kidato cha nne kwa miaka miwili. Njia ipo kwahiyo. Wanaorudi bado ni wachache, na ukiwauliza sababu hawakutajii waraka, wanakutajia kichanga. Kengele inagonga saa moja na nusu asubuhi, mama yake ameshaenda shamba, bibi ana miguu inavimba, mwanaume amekimbilia Dar. Wengi wanapata mimba ya pili kabla hawajajipanga kurudi, wakati angeweza kuwekewa kijiti kabla hata hajatoka wodini na akaendelea kunyonyesha bila shida, ila hakuna aliyemwambia.

Baada ya misaada ya Marekani kukatwa 2025 gari za miradi zimepungua barabarani, basi tuangalie mfukoni mwetu. Halmashauri zetu zina ushuru wa korosho, sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Wamama watano wa kijiji kimoja wakikopa hapo wakafungua sehemu ya kulelea vichanga karibu na shule ya kata, kwa ada ndogo na uji, wamepata biashara na mabinti wamepata saa nane za darasa. Na mkutano mkuu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, ukifika, badala ya kugombana makato ya mzani tu, mtu anyooshe mkono aulize shilingi kumi kwa kilo zingejenga bweni la mabinti kwa misimu mingapi. Hesabu yenyewe katibu anaweza kuipiga palepale, daftari la kilo analo.